Waziri Mkuu Aliyekataa Kutoka: Kisa cha Joh Bjelke-Petersen, Queensland, Novemba 1987

Alhamisi ya tarehe 26 Novemba 1987, wabunge wa chama cha National katika jimbo la Queensland, kaskazini mashariki mwa Australia, walikutana mjini Brisbane na kuamua kwa kura 38 dhidi ya 9 kwamba kiti cha kiongozi wa chama kiwe wazi, kisha wakamchagua Mike Ahern akikalie. Mwenye kiti, Sir Joh Bjelke-Petersen, hakuhudhuria. Alikuwa ofisini kwake, katika jengo la serikali mjini humo humo, na humo akabaki, kwa sababu kura ile ilimvua uongozi wa chama lakini haikumvua uwaziri mkuu wa jimbo. Kwa siku tano Queensland ikawa na kiongozi wa chama tawala asiye waziri mkuu, na waziri mkuu asiye na chama nyuma yake.

Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kama kichekesho cha mzee wa miaka 76 aliyejifungia ndani akakataa kufungua mlango. Kichekesho kimo, lakini ukikitazama kwa makini utaona kwamba hoja ya mzee yule, kwa upande wa sheria, haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Alisema kwamba kikao cha wabunge wa chama si chombo cha katiba, na kwamba mahali pa kupima kama waziri mkuu bado anaungwa mkono ni ndani ya bunge lenyewe. Mwanafunzi yeyote wa mfumo wa Westminster, yaani utawala wa kibunge wa Kiingereza, angekubaliana naye. Ajabu ni kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwa mtu aliyetumia miaka 19 kulifanya bunge hilo hilo lisiwe na maana, na hapo ndipo penye kiini cha kisa chenyewe.

Kwanza tuweke wazi vyeo. Australia ni shirikisho la majimbo sita, na kila jimbo lina bunge, waziri mkuu na gavana wake. Msomaji wa Kenya asimchanganye gavana huyu na gavana wa kaunti: wa Queensland hachaguliwi na wananchi, bali humwakilisha mfalme au malkia, na kwa kawaida hutenda kwa ushauri wa waziri mkuu. Yeye ndiye anayewapa mawaziri hati zao za uteuzi, na kinadharia ndiye anayeweza kuwanyang'anya. Kinadharia, nasema, kwa kuwa nguvu hiyo hukaa alani miaka na miaka, na siku inapochomolewa nchi nzima hutikisika.

Johannes Bjelke-Petersen alizaliwa tarehe 13 Januari 1911 huko Dannevirke, New Zealand. Wazazi wake walikuwa Wadenmarki na baba alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1913 familia ilihamia Queensland na kuanzisha shamba karibu na mji wa Kingaroy, wakaliita Bethany. Mtoto aliugua polio, ugonjwa uliomwachia mguu wa kuchechemea maisha yake yote, na alipofika miaka 14 akaacha shule ili afanye kazi shambani. Alilima karanga, zao ambalo Kingaroy inajulikana kwalo hadi leo, na kwa takriban miaka 15 ya ujana wake aliishi peke yake katika banda kuukuu la kukamulia ng'ombe.

Jambo moja la ujana huo linafaa kutazamwa kwa karibu. Kusafisha pori kwa shoka kulichukua muda mrefu, kwa hiyo Bjelke-Petersen, ambaye alikuwa akifanya kazi hiyo kwa malipo kwenye mashamba ya watu wengine, alichukua mnyororo mzito wa nanga ya meli, akafunga ncha moja kwenye tingatinga hili na ncha ya pili kwenye tingatinga lile, halafu matingatinga mawili yakaenda sambamba, yameachana, mnyororo ukiburuzwa katikati na kuangusha kila mti uliosimama. Alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuiendeleza njia hiyo, naye akatajirika. Waliomwandika baadaye hawakuweza kujizuia kuona siasa zake zote ndani ya mnyororo ule, na mimi pia sitajifanya kuwa sikuona.

Aliingia bungeni mwaka 1947 kwa tiketi ya chama cha Country, chama cha wakulima ambacho baadaye kilibadili jina na kuitwa National. Mwaka 1952 alimwoa Florence Gilmour, ambaye Waaustralia walimzoea kwa jina la Flo na kwa vitumbua vyake vya boga vya kuoka, hata akaja kuwa seneta wa taifa kuanzia 1981 hadi 1993. Joh mwenyewe alipewa uwaziri mwaka 1963. Kupanda kwake kuwa waziri mkuu kulitokana na msiba: Jack Pizzey, aliyekuwa ameshika nafasi hiyo kwa miezi michache tu, alifariki ghafla mwishoni mwa Julai 1968, na tarehe 8 Agosti mwaka huo naibu wake chamani, yule wa Kingaroy, akaapishwa. Wengi walidhani ni wa kushikilia nafasi tu hadi apatikane mwingine.

Ni kwa namna gani mtu wa namna hiyo alidumu miaka 19? Sehemu ya jibu ni hesabu. Queensland ilikuwa imegawanywa kwa kanda za uchaguzi, na jimbo la uchaguzi la mashambani lilihitaji wapiga kura wachache kuliko la mjini. Mfumo huo haukubuniwa na Bjelke-Petersen. Chama cha Labor, wapinzani wake wakubwa, ndicho kilichouanzisha mwaka 1949 kwa faida yake chenyewe. Yeye aliurithi na kuunoa. Katika uchaguzi wa 1972 chama chake kilipata asilimia 20 ya kura na viti 26 kati ya 82. Labor, kwa karibu asilimia 47 ya kura, ilipata viti 33. Liberal, washirika wake katika serikali ya muungano, walimzidi kwa kura lakini wakapata viti 21 tu, na kwa hiyo mwenye asilimia 20 ndiye aliyebaki waziri mkuu. Mwaka 1986, akiwa tayari ameachana na Liberal, alipata chini ya asilimia 40 ya kura na viti 49 kati ya 89, wingi uliomtosha kutawala peke yake.

Sehemu nyingine ya jibu ni bunge. Queensland ndilo jimbo pekee la Australia lisilo na baraza la juu, kwani lilifutwa mwaka 1922, pia na Labor. Serikali ikishakuwa na wingi katika baraza moja lililopo, hakuna chombo kingine bungeni cha kuizuia. Hakukuwa na kamati ya kudumu ya hesabu za serikali, na bunge lilikaa kwa siku chache. Kwa waandishi wa habari Bjelke-Petersen alikuwa na msemo wake maarufu: kuzungumza nao aliita kulisha kuku. Huwarushia punje, wao hukimbilia. Swali likimchoma, jibu lilikuwa lile lile mwaka nenda mwaka rudi, kwamba wasiwe na wasiwasi na hilo.

Barabarani mambo yalikuwa magumu zaidi. Julai 1971, timu ya raga ya Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi wa rangi ilipozuru Brisbane, alitangaza hali ya hatari katika jimbo zima ili mechi ziweze kuchezwa, na polisi wakawatawanya waandamanaji kwa virungu. Mmoja wa wanafunzi waliopigwa na kukamatwa siku hizo aliitwa Peter Beattie, jina ambalo tutalikuta tena. Mwaka 1977 alitangaza kwamba zama za maandamano ya barabarani zimekwisha, na watu wasijisumbue hata kuomba kibali. Aprili 1979, hoteli ya kihistoria ya Bellevue iliyokuwa mkabala na bunge ilivunjwa usiku wa manane huku umati ukipiga kelele nje ya uzio. Kulipopambazuka, wakazi wa Brisbane walikuta kifusi.

Ni haki kusema pia kwamba maelfu ya watu wa Queensland walimpenda kwelikweli, na si kwa kudanganywa. Aliondoa kodi ya urithi, migodi ya makaa ya mawe ilifunguliwa, reli na bandari zikajengwa kwa ajili ya kuyasafirisha, na watu kutoka majimbo ya kusini wakahamia kwake kwa wingi. Alisema kama mkulima, akikatiza sentensi katikati na kuanza nyingine, na wakulima walimwelewa vizuri kuliko wasomi waliomcheka.

Mwaka 1987 ndipo mambo yalipoanza kumponyoka, na yalimponyoka katika pande mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, baada ya ushindi wa 1986, alishawishika kwamba anaweza kuwa waziri mkuu wa Australia nzima. Kampeni yake ya kuelekea Canberra, mji mkuu wa taifa, iliuvunja muungano wa upinzani wa kitaifa mwezi Aprili, na Bob Hawke wa Labor, waziri mkuu wa taifa wakati huo, alipoona wapinzani wake wanararuana, akaitisha uchaguzi wa mapema. Tangazo hilo lilimkuta Bjelke-Petersen akiwa Marekani. Ndoto ya Canberra ilizimika hata kabla ya kura kupigwa, na Hawke akashinda tarehe 11 Julai.

Pili, na hili lilikuwa zito zaidi, kulikuwa na polisi. Mwaka 1976 kamishna wa polisi Ray Whitrod alijiuzulu kwa kupinga kuletewa kama msaidizi wake Terry Lewis, ofisa aliyepandishwa kwa kurukishwa mbele ya wengi waliomzidi cheo. Lewis mara akawa kamishna mwenyewe, na baadaye akatunukiwa cheo cha Sir. Kwa miaka mingi ilinong'onezwa Brisbane kwamba madanguro na nyumba za kamari zinaendeshwa chini ya pua ya polisi kwa sababu polisi wanalipwa. Mwandishi Phil Dickie alilifuatilia jambo hilo katika gazeti la Courier-Mail, na usiku wa tarehe 11 Mei 1987 mwanahabari Chris Masters alilirusha katika televisheni ya taifa. Waziri mkuu hakuwepo nyumbani. Naibu wake, Bill Gunn, aliyekuwa pia waziri wa polisi, alitangaza kesho yake kwamba kutakuwa na tume ya uchunguzi, na akasema wazi kwamba tuhuma zilizowaandama mawaziri wa polisi waliomtangulia hazitamwandama yeye. Inasimuliwa kuwa bosi wake alimwonya kwamba amemshika chui milia mkia.

Tume ilikabidhiwa wakili Tony Fitzgerald, na ilitarajiwa kumaliza kazi kwa majuma machache. Ilikaa siku 238 na kusikiliza mashahidi 339. Kufikia Septemba 1987 Lewis alikuwa amesimamishwa kazi, na mawaziri, ambao kila jioni waliwasikia maofisa wa polisi wakikiri kwenye redio, walianza kufikiri juu ya maisha yao baada ya Joh. Yeye mwenyewe alitangaza mwezi Oktoba kwamba ataondoka tarehe 8 Agosti 1988, siku atakayotimiza miaka 20 kamili, baada ya kuwakaribisha wageni wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyokuwa yafanyike Brisbane mwaka huo. Kwa kutangaza hivyo alikata tawi alilokalia. Mawaziri hawana sababu ya kumwogopa mkubwa ambaye tarehe ya kuondoka kwake wanayo.

Jumatatu ya tarehe 23 Novemba alikwenda kwa Gavana, Sir Walter Campbell, akiwa na mpango wa kulivunja baraza lote la mawaziri na kuunda jipya chini yake mwenyewe. Campbell hakuwa mgeni wa mambo haya, kwani kabla ya ugavana alikuwa Jaji Mkuu wa Queensland. Kumfuta kazi kila waziri kwa ombi la mtu ambaye haikuwa na hakika kama bado ana wingi bungeni lilikuwa jambo zito, na Gavana akamshauri awaombe mawaziri wajiuzulu mmoja mmoja. Jumanne aliwaita watano. Wote wakakataa. Akawafuta kazi watatu, miongoni mwao Ahern, aliyekuwa waziri wa afya. Gunn, akihofia kwamba shabaha ni kuizima tume, akatangaza naye kwamba atagombea uongozi. Siku mbili baadaye ikapigwa ile kura ya 38 kwa 9, na aliyefutwa kazi Jumanne akawa kiongozi wa chama Alhamisi.

Ahern alimwandikia Gavana bila kuchelewa akiomba aapishwe, kwa kuwa wingi ulikuwa naye na hesabu yake ilikuwa dhahiri. Upande wa pili alikuwepo waziri mkuu aliyeapishwa kihalali, ambaye hajajiuzulu, hajashindwa uchaguzi wala hajapigiwa kura ya kutokuwa na imani, na aliyekuwa akidai bunge liitwe. Kila mtu alimtazama Campbell.

Naye hakufanya lolote. Kwa maoni yangu hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote katika kisa hiki, ingawa kwa nje linafanana na kusitasita. Kisu alikuwa nacho. Mwaka 1932 Gavana wa New South Wales, Sir Philip Game, alimfukuza waziri mkuu Jack Lang. Tarehe 11 Novemba 1975, Gavana Mkuu Sir John Kerr alimfukuza waziri mkuu wa taifa, Gough Whitlam wa Labor, na nchi ikagawanyika kwa kizazi kizima. Na nani alisaidia kumfikisha Whitlam pale? Bjelke-Petersen. Seneta mmoja wa Labor kutoka Queensland alipofariki mwaka huo, desturi ilitaka nafasi ipewe mtu aliyependekezwa na Labor. Joh alikataa pendekezo lao na kulipitishia bunge lake jina la Albert Field, mtu aliyempinga Whitlam waziwazi. Hesabu ya Seneti ikabadilika, bajeti ikakwama, na Kerr akapata sababu. Miaka 12 baadaye, mkono wa Gavana wa Queensland ulizuiwa, kwa sehemu, na kumbukumbu ya kile ambacho Joh alisaidia kukisababisha. Mkaidi huyu alipata siku tano za ziada kwa hisani ya jeraha alilolitia mwenyewe.

Campbell aliliona jambo hili kuwa ni la kisiasa, litatuliwe na wanasiasa. Angemfukuza Bjelke-Petersen, angempa zawadi: mzee angetoka mlangoni akiwa shujaa aliyeonewa na mwakilishi wa Malkia, na chama kingepasuka katikati. Kwa kumwacha alipo, alimlazimisha kufanya hesabu mwenyewe. Angekwenda bungeni kwa nani? Wabunge 38 wa chama chake wameshamkataa, wapinzani wamengoja siku hii kwa miaka 30, na baraza ni moja tu, hakuna lingine la kukimbilia. Bunge alilolizoea kama muhuri wa mpira lilikuwa limebaki kuwa kimbilio lake la mwisho, na humo ndani hapakuwa na mtu.

Jumanne ya tarehe 1 Desemba 1987 alijiuzulu. Katika taarifa yake alisema kwamba sera za chama si zile tena alizowaendea wananchi nazo, kwamba alikusudia kulipeleka suala bungeni, lakini sasa hana tena hamu ya kukiongoza chama hicho. Ahern aliapishwa. Mwaka 1988 serikali ya Ahern iliunda kamati ya bunge ya hesabu za serikali, ya kwanza katika historia ya jimbo.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka, isipokuwa tukio moja. Desemba 1988 Bjelke-Petersen alipanda kizimbani kutoa ushahidi mbele ya Tume ya Fitzgerald, na wakili Michael Forde akamuuliza anaelewa nini kuhusu mgawanyo wa madaraka katika mfumo wa Westminster, yaani ile mihimili ya dola kuachiana nafasi. Swali hilo huulizwa watoto wa sekondari. Mzee alilizunguka, kisha akamwambia wakili aeleze yeye, naye atamwambia kama amepatia. Wapo waliosema ni ujanja wa mkulima wa kukwepa mtego. Mimi naona lilikuwa jibu la kweli: katika miaka 19 hakuna aliyewahi kumlazimisha kulijua, na mara moja alipolihitaji, wiki ile ya Novemba, alikuwa amelishika upande mmoja tu.

Ripoti ya Fitzgerald ilitoka Julai 1989, na Desemba mwaka huo Labor chini ya Wayne Goss ilishinda uchaguzi na kuumaliza utawala wa miaka 32. Lewis alihukumiwa kifungo cha miaka 14 mwaka 1991. Mawaziri wanne wa zamani walifungwa kwa matumizi mabaya ya fedha za ofisi, wakiwemo Don Lane na Brian Austin, wale wale waliomvukia Joh kutoka Liberal mwaka 1983 na kumpa wingi wa kutawala peke yake. Yeye alishtakiwa kwa kutoa ushahidi wa uongo chini ya kiapo kuhusu fedha taslimu alizopewa na mfanyabiashara wa kigeni. Jopo la raia waliosikiliza kesi liligawanyika, kumi upande mmoja na wawili upande wa pili, na baadaye ikafahamika kwamba mwenyekiti wa jopo alikuwa mwanachama wa tawi la vijana la chama cha National. Mwendesha mashtaka aliamua kutoirudia kesi kwa sababu ya umri wa mshtakiwa. Mwaka 2003, akiwa na miaka 92, aliidai serikali ya jimbo fidia ya dola milioni 338. Hakupewa.

Alifariki Kingaroy tarehe 23 Aprili 2005. Waziri mkuu wa Queensland wakati huo alikuwa Peter Beattie, yule mwanafunzi wa 1971, na yeye ndiye aliyeidhinisha mazishi ya kitaifa na kusimama kuzungumza katika ukumbi wa mji wa Kingaroy. Maiti ikarudishwa Bethany. Siku hiyo hiyo mjini Brisbane kikundi cha watu kilikusanyika kumkumbuka kwa namna yao, na polisi wakawaacha.